Kisima Kisichokuwepo Duniani

Mjadala huu nimeutunga. Wanaozungumza ni watu wa kubuni. Wanasayansi wanaotajwa kwa majina ni wa kweli, na namba msomaji mwenye kikokotoo anaweza kuzihakiki mwenyewe. Mahali ni Kirongwe, kisiwani Mafia, barazani kwa Bi Mkubwa, baada ya alasiri. Bi Mkubwa anasuka ukili. Mjukuu wake, Binti, yuko likizo; jana alivuka kutoka Nyamisati hadi Kilindoni na bado anasikia ardhi inayumba. Anasoma shahada ya pili ya fizikia Dar es Salaam, na kazi yake ni programu ya kompyuta inayokokotoa migongano ya atomu baridi. Mwalimu alifundisha fizikia sekondari mpaka akastaafu. Fundi anaunda mashua, ni mjomba wa Binti, na ndiye aliyechokoza.

FUNDI: Hebu rudia, mpwa wangu, labda sikusikia vizuri. Atomu mbili zinagongana. Kuzipigia hesabu zenyewe ni kazi. Basi mnaziweka kando, mnachukua vitu vingine ambavyo si atomu, mnavipigia hesabu hivyo, mnapata jibu safi, mnashangilia. Ndivyo?

BINTI: Hao ni wa upande wa Mwalimu, mjomba. Mimi niko na kompyuta.

MWALIMU: Ndivyo, na sioni haya. Tunaiita modeli inayotatulika mpaka mwisho. Hakuna kukadiria njiani, hakuna "takriban". Unaanza na kalamu, unamaliza na kalamu. Mfano wake mwepesi ni kisima cha mraba. Atomu mbili zikiwa mbali, haziambiani kitu. Zikifika ndani ya umbali fulani, zinaingia kisimani: kuta wima, sakafu bapa, kina kimoja kila mahali. Basi.

FUNDI: Na kisima hicho kiko wapi?

BINTI: Hakuna. Hapo ndipo namkamata Mwalimu kila siku. Atomu ya rubidiamu ina elektroni 37. Ukizikaribisha mbili, mvuto hauanzi ghafla kama ukingo wa kisima. Unaanza mbali, kidogo kidogo. Nishati yake hupungua kwa kipeo cha sita cha umbali. Na zikibanana mno zinasukumana. Juu ya hayo kila moja ina usumaku wake, wa elektroni na wa kiini. Kisima cha mraba ni katuni ya atomu.

MWALIMU: Katuni nzuri humtambulisha mtu. Fundi, toa simu yako, fungua kikokotoo. Kina cha kisima na upana wake, pamoja na uzito wa atomu, tumevifunga katika namba moja, tuiite x. Tafuta tanjenti ya x, igawe kwa x, toa jibu katika moja. Unachopata ni ukubwa ambao atomu moja inauona kwa mwenzake zikigongana polepole kabisa, ukipimwa kwa nusu kipenyo cha kisima. Kikiwa hasi, zinavutana. Kikiwa chanya, zinasukumana. Weka x iwe 1.5.

FUNDI: Sifuri nukta tisa nane.

MWALIMU: Haiwezekani.

BINTI: Simu iko kwenye nyuzi, mjomba. Iweke kwenye radiani. Hapo juu.

FUNDI: Haya. Hasi 8.4.

MWALIMU: Rudi kwenye 1.

FUNDI: Hasi 0.56. Ndogo.

MWALIMU: Sasa 1.57.

FUNDI: Hasi mia saba tisini na tisa! Nimebonyeza vibaya?

MWALIMU: Hujakosea. Songa kidogo tu, 1.6.

FUNDI: Chanya 22.4. Imeruka upande wa pili.

MWALIMU: Hiyo ndiyo rezonansi. Kina cha kisima umekibadilisha kidogo sana, na atomu ambayo ilikuwa inaonekana kama punje imeonekana kama kisiwa, kisha ikageuka kutoka kuvuta kwenda kusukuma. Kilichotokea pale katikati, kwenye nusu ya pai, ni kwamba kisima kimefika kina cha kuweza kushika jozi moja ya atomu zisitoke. Molekuli imezaliwa. Kabla ya hapo haikuwepo; ilikuwa inakaribia kuwepo, na atomu zinazopita zilikuwa tayari zinaisikia.

(Neno rezonansi nimeliacha hivyo makusudi. Wapo wanaopenda kuandika mwangwi. Mwangwi ni sauti iliyogonga mahali ikarudi, na hapa hakuna kinachorudi.)

FUNDI: Hilo la kusikia nalielewa kuliko mnavyodhani. Kila chombo kina mwendo wake wa kuyumba. Ukiking'ang'ania ubavuni pale ufukweni kikayumba, kitahesabu mapigo yake, si yako. Sasa toka baharini na mawimbi ya ubavuni yanayokuja kwa mapigo hayohayo. Wimbi dogo, la kawaida, lakini la tatu linakuta la pili halijaisha, la nne linakuta la tatu. Nahodha mjinga analilaumu wimbi. Nahodha mwenye akili anageuza omo, au anaamuru magunia ya nazi yahamishwe. Shehena ikihama, mapigo ya chombo yanabadilika, na wimbi lilelile linakuwa halina maneno.

BINTI: Mjomba! Huko kuhamisha magunia ndiko tunakofanya kwa sumaku.

FUNDI: Usinirushe upande wa Mwalimu.

BINTI: Sikurushi. Sikiliza. Kina cha kisima cha atomu halisi hatuwezi kukichimba. Lakini atomu zikigongana zina njia mbili. Moja ni wazi: zinakuja, zinakutana, zinaachana. Nyingine imefungwa: zingekuwa zimeshikana kama molekuli, ila usumaku wao umepangika vingine, na nishati ya kutokea kwa njia hiyo hazina. Kwa kuwa usumaku wa njia hizo mbili haulingani, uga wa sumaku unaipandisha au kuishusha moja kuliko nyingine. Unaongeza sumaku taratibu, molekuli ya njia iliyofungwa inapanda au inashuka mpaka inakuwa usawa mmoja na atomu zinazokuja kwa njia iliyo wazi. Hapo ndipo wimbi linapokuta mapigo ya chombo.

MWALIMU: Na modeli yake inatatulika mpaka mwisho! Ngazi moja tu ya nishati, upande mmoja. Upande wa pili bahari ya nishati zisizo na idadi. Katikati kamba ya kuziunganisha. Ugo Fano aliigusa hesabu ya namna hiyo mwaka 1935, akairudia kwa ukamilifu 1961. Herman Feshbach alifika kwa njia yake mwaka 1958, akifikiria viini vya atomu. Atomu za baridi kali zilikuwa hazijatengenezwa na mtu. Mwaka 1998 kundi la Wolfgang Ketterle kule MIT, Marekani, likafunga atomu za sodiamu kwa mwanga wa leza, likapandisha sumaku, na kwenye gausi 907 ukubwa wa atomu ukafanya uliyoyaona kwenye simu yako.

FUNDI: Gausi 907 ni nyingi?

MWALIMU: Sumaku ya dunia inayozungusha dira yako haifiki gausi moja.

FUNDI: Na hiyo 907 ilitoka kwenye modeli yako?

(Mwalimu ananyamaza. Nimemwacha anyamaze, kwa sababu swali hili ndilo moyo wa ubishi wote, na watu wengi wanaoandika kuhusu modeli hizi hulipita kwa mbio.)

BINTI: Haikutoka. Modeli ya Mwalimu inataka upewe namba tatu: mahali rezonansi ilipo, upana wake, na ukubwa wa atomu ikiwa mbali na rezonansi. Rubidiamu 85, kwa mfano: mahali ni gausi 155, upana ni karibu 11. Modeli haiwezi kukuambia kwamba ni 155 na si 200. Ili upate hilo unaiuliza atomu yenyewe maabara, au unakuja kwetu wenye kompyuta, tunaoandika milinganyo mingi iliyofungamana, na mvuto halisi uliochorwa kutokana na vipimo vya mwanga.

FUNDI: Kwa hiyo modeli inapewa majibu matatu, nayo inarudisha swali.

MWALIMU: Inarudisha mstari mzima, Fundi. Wewe ukilaza mkuku, ukasimamisha fashini mbili, mtu akaona vipande vitatu tu, huwezi kumwambia chombo kitakuwaje? Kutokana na namba zile tatu najua molekuli itakuwa kubwa kiasi gani kwa kila gausi. Najua itavunjika kwa nishati gani. Najua kwamba kwenye gausi 166 hivi atomu za rubidiamu zitapitana kama hazijuani. Mwaka 2001, kule Boulder, walianzia hapo hapo, wakageuza sumaku ghafla ili atomu zivutane, na wingu lote likajikunja kisha likapasuka. Hawakuwa wanapapasa. Walijua sumaku ipi inaleta mvuto gani.

FUNDI: Hapo sawa. Lakini mimi mataruma nayakata kwa tezo nikiangalia mti wenyewe ulivyojikunja. Sina mchoro. Mti ukiwa na fundo, mchoro wako haulijui.

BINTI: Ndiyo hoja yangu! Fundo, kompyuta ndiyo inayoliona.

BI MKUBWA: Wewe nawe ulikuwa unalia kwenye simu mwezi uliopita kwamba kompyuta imekudanganya.

BINTI: Bibi!

BI MKUBWA: Sema mwenyewe, au niseme mimi?

BINTI: Haya. Wiki mbili programu yangu ilikuwa inanipa michoro laini, mizuri kama ya kitabuni. Msimamizi akaniambia: iwekee kisima cha mraba, x iwe 1.5, tuone. Jibu tunalijua, hasi 8.4, mjomba ameshalipata. Programu ikanipa chanya 1.77. Si kukosea kidogo, mjomba. Imesema zinasukumana wakati zinavutana. Nikachimba siku tatu. Nilikuwa nimeweka tungamo la atomu moja, badala ya tungamo la jozi, ambalo kwa atomu zinazofanana ni nusu yake. Kosa dogo hivyo. Na michoro ilikuwa mizuri!

FUNDI: Kumbe kisima kisichokuwepo ndicho kilichokushika mkono.

BINTI: Nimekubali kwamba ni timazi. Sijakubali kwamba ni nyumba.

MWALIMU: Basi nikupe nyumba. Mwaka huohuo 1998 Thomas Busch na wenzake watatu walitatua jambo hili: atomu mbili ndani ya bakuli, zinagusana kwa nukta tu, hakuna kisima hata kidogo. Hesabu ikafika mwisho. Nishati ya mwendo wao wa kukaribiana na kuachana, zisipojuana, ni moja na nusu ya kipimo cha bakuli. Sogeza mpaka katikati ya rezonansi, pale simu yako ilipotaka kupasuka, na nishati inatua kwenye nusu. Si kwenye hasi bila mwisho. Nusu kamili. Kipimo kizima kimoja kimeshuka, na haijalishi ni atomu gani. Mwaka 2006, Zürich, wakaweka atomu za potasiamu mbili mbili kwenye vibakuli vya mwanga wa leza, wakapima, na mstari wa Busch ukapita palepale.

FUNDI: Vibakuli vya mwanga vilikuwa bakuli kamili?

BINTI: Kuelekea kingoni, hapana.

FUNDI: Fundo.

MWALIMU: Fundo dogo!

BI MKUBWA: Ngojeni kidogo, mnanichanganya hesabu ya ukili. Mwalimu, umesema haijalishi ni atomu gani. Kwa nini haijalishi? Mimi nikikwambia haijalishi ni samaki gani, mchuzi utakuwa uleule, utaniamini?

Hapa Mwalimu alivuta mkeka karibu, na nadhani ndipo alipozungumza vizuri kuliko mahali pengine pote.

MWALIMU: Kwa sababu ya baridi, Bi Mkubwa. Atomu ikienda mbio ni kama jiwe, ikipoa sana ni wimbi, na kadiri inavyopoa wimbi linarefuka. Rubidiamu ikiwa sehemu ya milioni kumi ya digrii juu ya sifuri halisi, urefu wa wimbi lake ni zaidi ya mara 100 ya umbali ambao mvuto unafanya kazi. Wimbi refu la kusi likipita juu ya kigingi cha uzio wa samaki, linajua kama kigingi ni cha mkoko au cha mvinje? Linajua kuna kitu, basi. Ndiyo maana namba moja inatosha. Na kwenye rezonansi namba hiyo inakuwa kubwa kupita vyote vilivyomo ndani, hata umbo la kisima linasahaulika. Kisima cha mraba, kisima cha Binti chenye kipeo cha sita, nukta ya Busch, vyote vinasema neno moja.

BI MKUBWA: Hilo nalijua. Ukili unasukwa kwa hesabu ya chane. Ukindu ukatwe hapa Kirongwe au ukatwe Bweni, hesabu ya ua ni ileile. Anayejua hesabu hahitaji kuuona mkindu.

MWALIMU: Umeona, Fundi?

BI MKUBWA: Sijamaliza. Ukindu ukisukwa mbichi, mkeka ukikauka unaacha mianya. Hesabu ilikuwa sawasawa, na mkeka ni mbovu. Kwa hiyo anayejua hesabu, lazima pia ajue ni ukindu mkavu.

BINTI: Mkavu ndiyo baridi, bibi. Na ndiyo kuwa karibu na rezonansi. Ukiyaacha hayo mawili, wimbi linaanza kuona vigingi, na hapo modeli ya Mwalimu inaacha mianya.

MWALIMU: Lakini karibu na rezonansi inaona hata kisichotarajiwa. Mwaka 1970 Vitaly Efimov, kijana Mrusi, alikaa na modeli ya nukta akaongeza atomu ya tatu. Akapata kwamba mbili zikiwa bado hazijaweza kushikana, tatu zinaweza, na kwamba maumbo hayo ya watatu yanajirudia, kila moja kubwa kuliko la kabla yake mara 22.7. Wengi walidhani kuna mahali kakosea. Mwaka 2006 kundi la Rudolf Grimm, Innsbruck, Austria, likaona alama ya umbo hilo katika seziamu. Mwaka 2014 wakaona la pili, na uwiano ukatoka 21.0, wakiacha 1.3 ya shaka kila upande.

FUNDI: Miaka thelathini na sita. Mimi mteja wangu hawezi kungoja hivyo.

BINTI: Mjomba ana mtu wake nchini, na hajamtaja. Mpemba.

FUNDI: Nilikuwa namtunza! Erasto Mpemba, mwaka 1963, Magamba, mwanafunzi anatengeneza aiskrimu. Anatia maziwa ya moto kwenye friza, yanaganda kabla ya yaliyopoa. Hakuwa na modeli. Alikuwa na maziwa. Wakamcheka, akashikilia alichokiona, mpaka alipomuuliza Denis Osborne wa chuo kikuu Dar es Salaam, na mwaka 1969 wakaandika pamoja. Mwenye modeli angesema haiwezekani, na wengi walisema.

MWALIMU: Naona fahari kama wewe. Lakini fuatilia mpaka leo. Maji yana mvuke, yana hewa ndani, yana chombo, yana barafu iliyo chini ya chombo. Mwaka 2016 watafiti wawili Uingereza walirudia vipimo kwa uangalifu wakasema hawaoni ushahidi wa kutosha. Ubishi ukawa hauna mwisho, kwa sababu kila maji ni maji yake. Mwaka 2017 Zhiyue Lu na Oren Raz wakaacha maji kabisa. Wakachukua modeli ya hali tatu tu, ambayo unaimaliza kwa kalamu, wakaonyesha ni lini chenye moto kinatangulia: pale ambapo safari yake inakwepa ile njia ya pole kuliko zote. Mwaka 2020, Canada, Avinash Kumar na John Bechhoefer wakaiona kwa punje moja ndogo ndani ya maji, iliyosukumwa kwa leza. Jina la Mpemba sasa linatajwa hata kwenye kwanta: mwaka 2024, Innsbruck hukohuko, kwa ioni zilizotegwa.

BINTI: Na je, punje ya Canada inatuambia kama maziwa ya Magamba yaliganda kwanza?

MWALIMU: Haituambii.

FUNDI: Asante.

MWALIMU: Sikudai kwamba inatuambia. Inatuambia kwamba jambo lenyewe si upuuzi. Kwa Mpemba mwenyewe, hilo lingekuwa kubwa kuliko maziwa. Na nikuambie jingine, Fundi, ambalo si la fizikia. Maabara ya atomu baridi ina leza na pampu za kunyonya hewa ambazo hapa Kirongwe hatuna hata pa kuzichomeka. Abdus Salam alipoanzisha kituo cha Trieste, Italia, mwaka 1964, aliwafikiria watu wa nchi kama zetu. Kisima cha mraba nilikifundisha kwa chaki. Chaki ikiisha, mchanga upo.

BINTI: Hiyo siikubali, Mwalimu, samahani. Isiwe kwamba modeli rahisi ni zetu kwa sababu sisi ni maskini, na atomu halisi ni za wenzetu. Mimi naitaka rubidiamu yenyewe.

BI MKUBWA: Mpate na maziwa yenyewe.

(Hapa kila mtu alicheka, na mimi niko upande wa Binti. Hoja ya chaki ni tamu, ila inaweza kugeuka mto wa kulalia.)

FUNDI: Mwalimu, nirudishie lile la kupitana kama hazijuani. Kisima chako kinalo?

MWALIMU: Kinalo. Endelea kuchimba, kupita rezonansi ya kwanza, kabla hujafika ya pili iliyo kwenye 4.71. Kuna mahali jibu ni sifuri. Kisima kipo, kina kirefu, na wimbi polepole linapita juu yake bila kukisikia.

FUNDI: Mahali gani?

MWALIMU: Hapo hakuna njia ya mkato. Utajaribu.

Fundi akaegemea nguzo. Akaweka 4.49: chanya 0.015. Akaweka 4.50: hasi 0.03. Imepita. Akarudi nyuma, 4.493: chanya 0.002. Akaweka 4.494, hasi tena. Alikuwa anabonyeza kwa kidole gumba, kichwa amekiinamisha upande, kama anavyofanya akipachika ubao ubavuni mwa mashua: anauweka, anautoa, anaupunguza unywele kwa tezo, anaurudisha.

BI MKUBWA: Magharibi hiyo inaadhiniwa.

FUNDI: Nasikia. Binti, hii simu inakubali namba nne baada ya nukta?